Fundi Nassoro na Panonia ya Baba Yake

Ukifika Soni na pikipiki inayokohoa, mtu wa kwanza utakayemuuliza atakuelekeza kwa Fundi Nassoro, na wa pili atakuonya kwamba fundi huyo ana maswali mengi. Hashiki spana kabla hajauliza. Ilianza lini? Ulikuwa unapanda au unashuka? Mafuta aliweka nani, na wewe ulikuwepo akiweka? Vijana wa bodaboda wamempa jina la Hakimu. Wanamwita hivyo mbele yake, naye huwajibu bila kuinua kichwa kwamba hakimu angalau hulipwa mshahara.

Ana miaka hamsini na tisa, mwembamba, koti la buluu lenye mifuko minne, na kila mfuko una kazi yake. Nyumba yake iko juu ya Soni, njia ya kwenda Mponde, mahali ambapo baridi ya Julai huwafanya watu wasalimiane mikono ikiwa kwapani. Amelea watoto wanne kwa kibanda cha mabati na kwa matuta ya kabichi. Hajawahi kumrudishia mtu chombo ambacho yeye mwenyewe angeogopa kukipanda.

Pikipiki yake mwenyewe haifanani na nyingine yoyote katika milima hii. Ni Panonia, ya Hungaria, nyekundu iliyofifia ikawa rangi ya tofali, tangi pana lenye ubavu wa kromu, siti ndefu ya watu wawili walioshiba. Mlio wake si wa bodaboda. Ni wa haraka na wenye mwangwi, kama mtu anayepiga makofi ndani ya pipa, na nyuma yake huacha moshi mwembamba wa buluu unaonukia hata baada ya yenyewe kupotea kwenye kona.

Iliingia katika ukoo kupitia kwa baba yake, Mzee Zuberi Kaoneka, aliyekuwa mpishi wa mtaalamu wa maji kutoka Hungaria miaka ya sabini. Mkataba ulipokwisha, yule mtaalamu hakuona namna ya kuirudisha kwao, akamwachia mpishi wake pikipiki, pampu ya upepo na mkoba wa spana. Kitabu cha maelekezo hakikuonekana. Baada ya Mzee Zuberi kufariki, pikipiki ikawa ya wanawe wawili kwa namna iliyoeleweka bila kuandikwa: Mbaraka, mkubwa, ndiye mwendeshaji, Nassoro, mdogo, ndiye fundi.

Nassoro anajua habari za kiwanda chake kama watu wengine wanavyojua ukoo wao. Rehema, binti yake wa kwanza, anayefundisha sekondari Tanga, ndiye aliyemsomea. Kiwanda kilikuwa Csepel, kisiwa kilicho katikati ya mto mkubwa wa Danubi, upande wa kusini wa jiji la Budapesti. Kilianza kwa kutia nyama kwenye makopo, kikaja kuunda baiskeli, kisha pikipiki. Panonia zilianza kutoka miaka ya hamsini na za mwisho zikatoka katikati ya sabini, na jina lake ni jina la kale la nchi ile, tangu enzi za Warumi. Lakini Nassoro hakuhitaji kusomewa ili amheshimu aliyeiunda. Alimjua kwa kazi ya mikono yake. Huwaonyesha vijana jinsi cheni ilivyofungiwa ndani ya boksi la chuma kuanzia mwanzo hadi mwisho, tope la masika lisiifikie.

"Huyu mtu hakuwa wa kukaa ofisini," huwaambia. "Alitembea kwenye matope, akakasirika, akaenda kuchora."

Sasa, Panonia haina mahali pa kuwekea oili ya injini kama pikipiki za siku hizi. Oili huchanganywa na petroli kabisa, sehemu moja kwa ishirini na tano, na mchanganyiko huo unapopita ndani ndio unaoilainisha pistoni. Ukisahau oili, pistoni inakauka, inapata moto, inang'ang'ania ndani ya silinda kama kidole kwenye pete iliyobana. Injini inakufa papo hapo, na gurudumu la nyuma linasimama pamoja nayo.

Ndiyo maana Nassoro hachanganyi peke yake. Humwita mtu, yeyote aliye karibu. Huinua kikombe cha oili, husema kwa sauti, "Oili inaingia," na haendelei mpaka yule mtu ajibu, "Nimeona." Mkewe, Salama, amejibu "Nimeona" akiwa anachambua mchele, akiwa na homa, na mara moja akiwa ndani ya chandarua akinyonyesha.

Chanzo cha desturi hiyo ni mwaka tisini na moja.

Wakati ule Mbaraka alikuwa dereva wa lori la mboga, mmoja wa madereva waliotajwa kwa jina kuanzia Lushoto hadi Mombo. Lori lake lilikuwa limelala Mombo limekatika springi, naye alitakiwa kulishukia kesho yake. Akamwambia mdogo wake amwandalie Panonia. Jioni ile Rehema, mtoto wa miezi minane, alikuwa anaharisha. Nassoro alichanganya mafuta huku sikio lake likiwa ndani ya nyumba, na alfajiri akaondoka kwenda kumwagilia shamba la bondeni kabla zamu yake ya maji haijapita. Saa nane mchana mtu akaja mbio kumwambia kwamba kaka yake ameanguka chini ya Soni, kwenye kona ya mawe. Injini ilikuwa imeshika ghafla, gurudumu likagoma, pikipiki ikamtupa.

Mafuta yote yalikuwa yamemwagika. Nassoro alisimama juu ya ile pistoni iliyochubuka akajaribu kukumbuka. Petroli aliikumbuka. Oili hakuikumbuka. Alikikumbuka kilio cha mtoto.

Mguu wa Mbaraka ulipona, goti halikukunjika tena. Dereva wa lori asiyeweza kukanyaga klachi si dereva. Alifungua duka la sabuni na chumvi. Ijumaa ya kwanza aliyoweza kwenda msikitini kwa magongo, baada ya swala, alisimama nje mbele ya watu akasema kwamba mdogo wake alisahau oili, ni binadamu, na yeye amemsamehe, asisikie mtu akilitaja tena.

Hakuna aliyelitaja. Nassoro alitafuta pistoni miaka mitatu, akapata ya mashine nyingine iliyokaribiana, akaipeleka Tanga ikachongwa, akaifufua Panonia. Aliipanda kwenda Lushoto na kurudi tu. Chini ya Soni hakuishusha tena. Akitaka kwenda Mombo alipanda basi. Na kila msimu, kabla hajagusa matuta yake mwenyewe, alilima ya kaka yake. Hakuna aliyemwagiza. Mbaraka alizoea kuamka na kukuta jembe la mdogo wake limeshafika nusu ya shamba.

Mwaka huu, Mei, Salimu mwana wa Mbaraka alileta habari kwamba anaoa Mombo, binti anaitwa Mwanamisi, na kwamba angependa kushuka kwenda ukweni kwa Panonia ya babu yake. Nassoro alikataa kabla sentensi haijaisha. Siku mbili baadaye Mbaraka mwenyewe alikuja mpaka kibandani, akakaa kwenye benchi mguu umenyooka mbele yake kama ubao.

"Mpe," alisema.

"Kaka, ile ni pikipiki ya zamani."

"Na mimi ni wa zamani. Mpe mtoto. Mimi yale nilishayasahau, wewe unayafuga ya nini?"

Baada ya hapo hapakuwa na kukataa. Nassoro alifungua Panonia hadi skrubu ya mwisho. Akampigia simu Rehema, akamwomba atafute huko kwenye mtandao kama kuna kitabu cha maelekezo cha kiwanda, maana safari hii hataki kubahatisha hata nati moja. Likizo ya Juni Rehema alikuja na karatasi arobaini alizozichapisha. Kilikuwa kitabu kilichofasiriwa Kiingereza, na jioni, jikoni, alimsomea baba yake kwa Kiswahili, ukurasa baada ya ukurasa, Salama akimenya viazi.

Walifika mahali panaposema juu ya milima. Rehema alisoma taratibu. Kwenye mteremko mrefu, dereva asishuke na gia huku amefunga mafuta kabisa. Magurudumu yataizungusha injini kwa kasi, lakini kwa kuwa mafuta yamefungwa, oili nayo haiingii, na pistoni inaweza kushika. Afungue kidogo kila baada ya muda, au akamate klachi.

"Rudia," alisema Nassoro.

Rehema alirudia.

Salama aliacha kumenya, kwa jinsi uso wa mumewe ulivyobadilika. Kila dereva wa lori katika barabara ya Mombo anajua sheria moja kabla ya zote: shuka na gia, funga mafuta, breki ziache zipumzike. Mbaraka aliijua kuliko wote. Ndiyo iliyomshusha salama na tani saba za kabichi miaka kumi na mbili. Kwa lori ni uhai. Kwa Panonia ilikuwa ni kukata maji ya kunywa.

Lakini Nassoro hakutaka kujipendelea. "Inawezekana pia sikuweka oili," alisema. "Yote mawili yanawezekana."

"Haiwezekani," alisema Salama.

"Umejuaje?"

"Ile siku nilipanda mimi. Nilikuwa nimebeba huyu," akamwonyesha Rehema kwa kisu, "nangoja basi la hospitali. Shemeji akapita, akasema panda. Tulipanda kutoka hapa Soni hadi Lushoto, watu wawili na mtoto, kilima baada ya kilima. Haikukohoa hata mara moja. Akanishusha hospitali, akaenda kwa tajiri wake kuchukua springi ya lori."

Nassoro alimtazama mkewe. Miaka yote alidhani kaka yake alishuka Mombo moja kwa moja kutoka nyumbani. Injini isiyo na oili isingefika hata nusu ya kilima cha kwanza.

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza," alisema Salama. "Niliporudi kwa basi jioni nilikuta kilio, mguu umevunjika, wewe huongei. Nani angeniuliza nilikwendaje Lushoto? Miaka thelathini na tatu unawahoji vijana wa watu, ulikuwa unapanda au unashuka, mafuta aliweka nani. Mimi mkeo sijaulizwa."

Rehema alicheka, kisha akaona baba yake hacheki, akaanza kuzipanga karatasi zake. Nassoro alitoka nje. Alikwenda kusimama kwenye matuta ya kaka yake, aliyokuwa ameyalima wiki ile, akayatazama kana kwamba ni ya mtu asiyemjua.

Furaha ilikuja, lakini haikukaa. Kilichokaa ni swali. Mbaraka ana nini katika maisha yake? Ana duka la chumvi, goti lisilokunjika, na jina la dereva asiyewahi kukosea. Jina hilo ndilo analotembelea. Kumwambia ni kumvua. Na kutomwambia ni kumwacha Salimu ashuke mlima ule akiwa na mafunzo ya baba yake kichwani.

Bila shaka angeweza kumfundisha Salimu pembeni, kimyakimya. Alijaribu. Salimu alimjibu kwa adabu, "Baba mdogo, baba ameshanielekeza yote, kona kwa kona." Mara mbili Nassoro alikwenda dukani kwa Mbaraka jioni akiwa na maneno tayari, na mara zote mbili akarudi na sabuni. Salama aliipanga sabuni dirishani, akasema tukiendelea hivi tutafungua duka letu.

Siku ya ndoa ikafika, Jumamosi ya Septemba. Panonia ilisimama uani imeng'arishwa, ua la karatasi kwenye taa. Salimu, ndani ya kanzu nyeupe iliyokunjwa kiunoni na koti la baridi juu yake, alikuwa ameshapanda. Noa ya kukodi, gari la kuwachukua wazee, ilikuwa inanguruma barabarani. Wanawake walikuwa wamebeba masinia, shangazi zake wakimtania kwamba bibi harusi akiona moshi ule atadhani ameletewa mkaa.

Mbaraka alisogea kwa fimbo yake mpaka ubavuni mwa pikipiki. Akashika mkono wa mafuta, juu ya mkono wa mwanawe.

"Ukivuka daraja, gia ya pili. Hapa," akausokota mkono mpaka mwisho, "unafunga. Kabisa. Injini ndiyo itakayokushika. Mimi nimeshuka hivyo maisha yangu yote."

Nassoro alikuwa amesimama nyuma ya tangi na kitambaa cha kufutia. Alisikia sauti yake mwenyewe kabla hajaamua.

"Hapana, kaka. Hii haifungwi."

Shangazi mmoja aliacha kucheka katikati.

"Unasemaje?"

"Lori linafungwa. Hii haifungwi. Oili yake iko ndani ya petroli. Ukifunga mafuta, unafunga na oili. Inazunguka kavu." Alimgeukia Salimu maana ilikuwa rahisi zaidi kumtazama. "Kila ukihesabu tano, fungua kidogo, inywe, funga. Tano, fungua. Mpaka Mombo. Ukisahau, kamata klachi."

"Nani kasema?" aliuliza Mbaraka.

"Walioiunda. Imo kwenye kitabu chao. Rehema amekileta."

Mbaraka hakuuondoa mkono wake. Watu wote waliokuwa pale waliijua ile habari, hata waliozaliwa baadaye. Nassoro aliona macho ya kaka yake yakishuka njia ile, daraja, gia ya pili, mkono unafunga. Aliona yalipofika: kwenye kona ya mawe.

Hatimaye Mbaraka aliuachia mkono wa mafuta, akarudi nyuma hatua moja.

"Sikiliza baba yako mdogo," alimwambia mwanawe. "Fanya anavyosema yeye."

Salimu alipiga kiki. Panonia ikaamka kwa mkupuo wa kwanza.

Katika Noa, Mbaraka alikaa mbele kwa ajili ya mguu wake, Nassoro nyuma yake. Walipita Soni, wakaanza kushuka. Dirisha la Mbaraka lilikuwa wazi na upepo wa bondeni uliingia na mlio wa Panonia iliyokuwa kona mbili mbele: ukipanda, ukishuka, ukipanda, kama mtu anayevuta pumzi.

"Umejua tangu lini?" Mbaraka aliuliza bila kugeuka.

"Juni."

"Miezi mitatu."

"Nilikuja dukani."

"Nikakuuzia sabuni." Mbaraka aliweka kiwiko dirishani. "Na una hakika? Isije ikawa uliweka oili kidogo tu."

"Salama alipanda nawe mpaka Lushoto asubuhi ile."

Mbaraka aliinamisha kichwa. Alikuwa amesahau. Au labda hakuwahi kuiona kama habari. Mtu humpa shemeji yake lifti na maisha yanaendelea.

"Alikuwa na mtoto," alisema polepole. "Akaniambia niende taratibu, mtoto amelala." Kisha akaongeza: "Kwa hiyo mimi nimekusamehe miaka thelathini na tatu kitu ambacho hukukifanya."

"Hukujua. Wala mimi sikujua. Ulishuka kama dereva anavyotakiwa kushuka."

"Usinipambe."

"Sikupambi. Lori lingefika."

Dereva wa Noa, kijana wa Mombo, alitazama barabara yake kwa bidii kubwa.

"Huo msamaha wangu nirudishie," alisema Mbaraka. "Naweza nikauhitaji."

Nassoro alicheka. Alijifanya anatazama nje. Upande wake palikuwa na ukuta wa mwamba tu.

"Na kulima unilimie," aliendelea Mbaraka. "Hilo sirudishi. Nimeshazoea."

"Nani atakulimia mguu ukiwa hivyo, kama si mimi?"

"Basi. Ndiyo nasema."

Walikuwa wamefika kwenye ile kona. Hapana alama pale, mawe tu na mgomba mmoja uliojiotea. Mbaraka aliinua mkono kumzuia mtu yeyote asiseme. Mlio wa mbele ulikuwa umekatika. Noa iliingia kwenye kona, ikaanza kutoka, na bado kimya. Nassoro alishika kiti kilicho mbele yake. Tatu, alihesabu. Nne.

Chini yao, zaidi ya walipotarajia, makofi ndani ya pipa yakalia mara moja, yakatulia, yakalia tena.

Mbaraka alishusha mkono. Alitoa leso akajifuta shingo, ingawa joto la Mombo lilikuwa bado halijawafikia.

"Nilisema mbele ya watu," alisema. "Nje ya msikiti, wote wanasikia."

"Ilishapita, kaka. Leo ni harusi ya mtoto."

"Ukoo wote utakuwa umekaa pale wanangoja pilau. Nitawapata wapi tena wote pamoja, mazikoni?" Aligeuka sasa, kwa shida, goti likigonga mlango, mpaka akamwona mdogo wake uso kwa uso. "Ila wewe unieleze tena hiyo oili inavyopita. Tangu mwanzo. Sitaki wanikamate kwa maswali."

Nassoro alisogea mbele, akaegemeza viwiko kwenye kiti cha kaka yake, akaanza na tangi.